Wandera Alisema Mvua

Jumatatu, 3 Machi
Madumu kumi na mawili ya maji kutoka pampu. Mgongo unauma palepale ulipoumia shimoni Tiira. Dhahabu sikupata, nikapata kazi hii kwenye makao ya wenye ulemavu wa akili: maji, kuni, vyoo, kufua nguo za wakazi. Mama Athieno, mpishi, kaenda kwao Paya kumzika shangazi yake. Kabla hajaondoka alinieleza maneno ya wale wasioweza kusema vizuri. Neno hili maana yake hivi, lile maana yake vile. Nilikuwa napasua kuni. Niliitikia tu.

Jumatano, 5 Machi
Kipindupindu kimeingia mjini Busia. Madamu, msimamizi wetu, amefunga geti. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Klorini kwenye kila dumu. Kunawa mpaka ngozi inapauka. Wandera, mmoja wa wakazi, anaziba pua, halafu ananicheka mimi. Mtu mzima, ndevu zimejaa, maneno yake hayafiki kumi. Kila asubuhi ananipokea dumu moja. Hajawahi kukosa.

Ijumaa, 7 Machi
Joto. Mbingu tupu. Wandera hakuja kupokea dumu. Amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi, anasema mvua, mvua. Nikamwambia, "Mvua gani, bwana mkubwa? Acha nguo zangu zikauke." Wenzake wakacheka. Nikacheka na mimi.
Madamu alipita na daftari kuuliza nani anaumwa tumbo. Nilijibu wote wazima. Saa kumi alipita tena, Wandera yuko chooni. Nilidhani anakwepa kunawa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemkuta Wandera amelowa kitandani. Maji meupe, kama ya kuoshea mchele. Macho yamezama. Madamu alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, yakawa yanatoka yote. Gari la wagonjwa lilikuja saa sita.
Mama Athieno alikuwa amerudi, amezuiwa getini. Alimwona akipitishwa. Akaniuliza, huyu hakusema kitu? Nikasema, alisema mvua tu, jana kutwa.
"Banange, Tanzania!" Ndivyo wanavyoniita hapa. "Mvua ni tumbo! Tumbo nanguruma, yeye nasema mvua. Si nilikuambia? Na wewe naitika ndiyo mama, ndiyo mama!"
Watu wa barabarani walisimama kutusikiliza. Nilitazama chini.

Jumapili, 9 Machi
Nimechoma godoro lake. Nimeosha ngazi kwa klorini mara tatu. Wawili wengine wameanza kuharisha. Hawa tumewawahi, wanakunywa, wanakojoa. Madamu anasema tumewawahi kwa sababu tulikuwa macho.
Nilimwambia ukweli kuhusu Ijumaa. Akasema endelea na kazi. Afadhali angenifukuza.

Jumatatu, 10 Machi
Wandera amekufa.
Watu wa afya wamemzika wenyewe, wamevaa plastiki. Hatukuruhusiwa kwenda.
Alisema siku nzima. Neno alilokuwa nalo ndilo hilo, na alilisema.

Alhamisi, 13 Machi
Maji. Vyoo. Hakuna mgonjwa mpya. Nimebeba dumu la Wandera mwenyewe. Ni zito kuliko mengine, au ni mimi.

Jumamosi, 22 Machi
Geti limefunguliwa. Mama Athieno aliingia na ndizi kichwani, akapita bila kunisalimia. Baada ya chakula nilimfuata jikoni na daftari hili. Nikamwomba aniambie tena.
"Leo huna kuni?"
Nikasema kuni zitangoja.
Alisema, nikaandika. Ukurasa mmoja kwa kila mtu. Egesa akisema kengele, kichwa kinamuuma. Nabwire akivua viatu, ana homa. Mwandiko wangu mbaya, niliishia darasa la tano, lakini unasomeka. Wandera naye nimempa ukurasa. Neno moja. Mama Athieno alipoliona alifuta macho kwa kanga, akanikatia ndizi.
Mchana imenyesha, mara ya kwanza tangu nifike. Egesa alisimama kwenye ngazi, akapiga makofi, akaita mvua, mvua. Nilitua dumu nikaenda kumtazama ulimi, kama umekauka kwa kuharisha.
Ulikuwa na mate. Tukasimama wote wawili, tukalowa.