Msemaji Asubiri Nje

Iyula, 10 Juni 2024

Mdogo wangu Lusubilo,

Boazi, aliyetuletea magunia Jumamosi kutoka Tunduma, amesema umemrudishia tajiri funguo za lori. Anasema pia tajiri atakuwekea nafasi hadi mwisho wa Agosti, basi.

Hujambo lakini? Huku tu wazima. Tangu ndugu yetu Fanuel aungue na lori lake kule Zambia, nawe ukiendesha lako nyuma yake, simu hupokei. Ndiyo maana naandika.

Kahawa inaiva. Jana nilikuwa kichanjani tunapoanikia kahawa, peke yangu, nikakumbuka tulivyokuwa watatu tukichambua: wewe na Fanuel upande wa migombani, mimi upande huu, macho kwenye punje, midomo haifungwi. Mambo mazito ya nyumba hii yalisemwa pale, hayakusemwa sebuleni.

Vwawa yupo mwanasaikolojia, Bi Imelda. Nenda ukazungumze naye.

Dada yako,
Enesi

Tunduma, 19 Juni 2024

Dada, shikamoo. Natumaini shemeji mgongo umempungua. Mimi nakula, usingizi ndio shida.

Boazi akibeba magunia hubeba na maneno. Ni kweli, nikiwasha injini mikono inatetemeka. Lakini huko unakonituma wanakwenda vichaa. Huyo Bi Imelda ataandika kwamba siko sawa, leseni iende, na Tunduma nzima ijue kabla sijashuka stendi. Halafu nikaseme nini? Yule ameshazikwa. Mchungaji ameniombea, nashukuru, na mikono bado inatetemeka.

Wewe mambo ya watu hao umeyajulia wapi?

Mdogo wako,
Lusubilo

Iyula, 23 Juni 2024

Marahaba, mdogo wangu. Mgongo wa shemeji yako unampungua siku za harusi tu.

Umeuliza nimeyajulia wapi. Mwaka ule mlipoambiwa nimepelekwa Mbeya kutibiwa tumbo, tumbo lilikuwa zima. Nilikuwa nimezika mtoto na kitandani siinuki. Kichaa sikuwa.

Siku ya kwanza Bi Imelda atakuuliza unalalaje, unakula nini, unaishi na nani, na kilichokuleta. Sindano hakuna. Dawa hatoi, akiona unazihitaji atakuelekeza kwa daktari. Unayomwambia hayatoki nje, isipokuwa akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Habari ya leseni muulize mwenyewe kabla ya yote. Swali usiloweza kulijibu, mwambie bado. Wengine hulia, wengine hawalii. Usitegemee kupona siku hiyohiyo. Mimi na yule wa kwanza kule Mbeya hatukuelewana, nikaenda kwa mwingine, na hakuna aliyenuna.

Na jina la Fanuel hukuliandika hata mara moja. Nimeona.

Dada yako,
Enesi

Tunduma, 18 Julai 2024

Dada, shikamoo. Habari za mavuno? Mimi sijambo kidogo.

Nimekwenda. Nilimchukua Baba mdogo Amoni, maana kwetu mtu haendi kwenye shauri zito bila msemaji. Alivaa koti lake la posa. Tulipoingia akabaki amesimama, akaanza: "Huyu ni mtoto wetu, na sisi tumekuja mbele yako kwa heshima." Bi Imelda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante, mzee. Sasa naomba utusubiri nje."

"Nikikaa nje, shauri litasemwa na nani?"

"Na mwenyewe."

Akatoka akinung'unika kwamba ana kesi ngapi alizozimaliza, na hakuna hata moja aliyoisikilizia mlangoni.

Msemaji alipotoka, maneno yalitoka naye. Nilitazama viatu vyangu. Leseni niliuliza: kuichukua si kazi yake, ila kwa kutetemeka huku nisishike usukani, jambo ambalo nalijua. Mwishoni akauliza, "Mlipokuwa wadogo, mambo mazito mlizungumzia wapi?" Nikamwambia kichanjani, na jinsi tulivyokuwa hatutazamani. Akasema siku nyingine niende na kahawa.

Nitumie kilo moja, kavu, isiyochambuliwa.

Mdogo wako,
Lusubilo

Iyula, 22 Julai 2024

Mdogo wangu, salamu. Boazi anakuja na kilo mbili. Ya pili ni kwa ajili ya Bi Imelda, naye asikae mikono mitupu.

Baba mdogo alipita hapa jana. Nimemtuliza kwa chai na mihogo. Kichanjani nimeacha upande wa migombani wazi.

Dada yako,
Enesi

Tunduma, 9 Agosti 2024

Dada, shikamoo. Kahawa ilifika salama, na nyote nawasalimu.

Bi Imelda alitandika gazeti mezani. Anachambua vibaya: anatupa punje nzima, anabakiza zilizotobolewa na wadudu. Nikawa namwelekeza, macho chini, na katikati ya kumwelekeza nikajikuta nasema. Nimesema ule mteremko wa kule Zambia. Nimesema moshi, na kwamba nilisimama mbali kwa sababu hapakukaribika. Hakunikatiza. Aliendelea kutupa punje nzuri, na sikumsahihisha tena.

Usingizi unakuja na kuondoka. Jana tajiri aliniruhusu kuwasha lori uani, bila kulitoa. Mikono ilitetemeka, kisha kutetemeka kukapungua. Nikazima. Amesema mwisho wa Agosti uko palepale.

Bi Imelda aliniuliza jina la mtu aliyekuwa mbele yangu siku ile. Nikamwambia bado. Akasema sawa, akakunja gazeti, akanipa siku nyingine: Alhamisi, tarehe 15 Agosti, saa nne asubuhi. Baba mdogo nimemwomba abaki nyumbani. Siku hiyo nitamweleza habari za Fanuel.

Mdogo wako,
Lusubilo