Taa Ya Pneu Sikuiona

Ornella,

Funguo ya gari iko hapa. Pneu, tairi ya nyuma, imeisha upepo, peleka kwa quado, fundi wa pneu, ajaze. Kisha weka contact kwa funguo, finya bouton chini ya volant, ule usukani, mpaka ile taa ya njano ya pneu ipepese mara tatu. Itazimika.

Asubuhi ulisema: "Papa, taa inawaka tangu juzi!" Nikakukaripia sawa vile nilishaiona. Uongo. Sikuiona. Hata ule mama wa kuuza ndizi, kwenye muteremuko wa Cimpunda, karibu nimugonge; nilimuona tu wakati ulipiga kelele.

Muganga aliniambia kisha ya Pasaka: macho haitapona. Nikawaficha, kwa haya.

~~Jumapili nitawapeleka kanisani.~~ Sitaendesha tena. Utatupeleka wewe.

Nimeenda kazini kwa miguu, nashika ukuta. Mama yako nitamuambia mwenyewe.

Papa