Mafuta Yanayoganda Bila Baridi

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, nala na nalala. Goti lako je? Na mawese ya msimu huu yametoka mekundu?

Mjomba Saidi alinipa barua yako meli anayofanyia kazi ilipofika. Unasema nirudi Kigoma kabla ya Ramadhani, maana vita havina macho. Ni kweli. Jana risasi zilisikika upande wa Kanyosha, na kazini tunafunga mapema tuwahi nyumbani. Naogopa, sikufichi. Lakini nisikilize kwanza.

Kazi yangu ni kuosha vyombo na kusukuma pampu katika maabara ya Profesa. Mafuta anayochunguza si ya kukaangia. Ni yale ya utando mwembamba unaozunguka kila chembe ya mwili, wako na wangu. Tunayatia pamoja na maji ndani ya chuma chenye kidirisha, kisha nasukuma pampu kuyakandamiza. Juzi nilisukuma sana, ndani pakawa peupe. Nikasema yameganda kwa baridi. Nikafanya kama wewe asubuhi za kipupwe: nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikakizungushia chuma. Yakalainika.

Profesa akaja juu. "We, nani alikuambia upashe moto? Umeharibu kazi ya siku tatu."

"Nilidhani ni baridi. Mama anauza mawese, ndivyo anavyofanya."

Akainama kidirishani. "Ngoja. Usitoe hiyo kitambaa. Sukuma tena."

Nikasukuma, yakaganda. Tukaongeza moto, yakalainika. Tulishinda hivyo mpaka saa ya kufunga. Akanieleza kwamba mafuta hayo yana mikia iliyopinda. Ukiyakandamiza, mikia hunyooka na kubanana kama kuni zilizokazwa kamba, na moto huilegeza.

"Samaki ya chini kabisa ya bahari iko na mafuta laini kuliko yetu," alisema. "Ndiyo maana haigandi kule."

Tangu hapo samaki hao hawanitoki kichwani, mama. Wanajuaje?

Sasa Profesa ananiita mezani tuandike pamoja tunayoyaona, na anataka kukandamiza mawese pia. Ukiniruhusu nikae tumalize, mpe mjomba chupa moja ya mawese yako. Akija mikono mitupu, nitafunga mizigo nirudi naye, wala sitauliza.

Nisalimie dada Mwajuma na watoto wake, na kaka fundi baiskeli, mwambie pampu yangu inaishinda yake.

Mwanao Hamisi, ambaye kila meli ikiingia atakuwa bandarini, akitazama mikono ya mjomba.