Sauti Iliyomfunga Baba Furaha

Jumapili

Na bado walimpigia makofi. Jaji niliyemtafsiria mahakamani kwa miaka tisa, sasa ni mbunge wa jimbo, na leo amekuja kanisani kwetu hapa ugenini, mtaa wa Malvern, kutuambia sisi Wakongomani kwamba anatupenda. Mkalimani wake nani? Mimi tena.

Kazi hii ina sheria moja: jaji akisema "mimi", mkalimani naye anasema "mimi". Basi leo nimesema, "Mimi ni ndugu yenu," kwa sauti ileile iliyosema, "Mimi nakufunga miaka kumi na mitano." Siku ile aliyefungwa alikuwa mume wa Mama Furaha, fundi cherehani wa hapa Jules Street. Alifia gerezani.

Baada ya ibada watu walipanga foleni kumsalimia mheshimiwa. Mama Furaha alimpita bila kumtazama, akasimama mbele yangu.

"Sauti yako naijua," akasema polepole. "Wewe ndiye uliyemfunga Baba Furaha."

Mheshimiwa akaniuliza mama anasema nini.

Miaka tisa sijawahi kupotosha neno la mtu.

"Anakushukuru," nikamwambia.

Akafurahi sana. Akamshika Mama Furaha bega, akaita mpiga picha, tukapigwa picha sote watatu.