Kile Hakikuwa Chungu, Mama

Ujerumani,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mugonile? Najua Subi ndiye anayekusomea, kwa hiyo naanza na wewe, mdogo wangu: kaa karibu na Mama, soma neno kwa neno, usiruke hata pale unapotajwa. Mama, goti linasemaje? Udongo wa vyungu wa Ikombe bado mnaupata, au mvua zimewazuia? Sisi huku wazima. Mjukuu wako Tumpe, wajina wako, ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake. Baridi imepungua kidogo, lakini bado navaa soksi mbili mbili kama mgonjwa. Nimewakumbuka samaki mbasa wa kwetu na ndizi mbalaga mpaka naota.

Sasa nikueleze habari ya kazini, maana ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatisha.

Karakana yetu, unajua, inatengeneza lenzi, vile vioo vya mbele ya kamera. Nyingi ni ndogo, zinaenea kiganjani. Mwezi uliopita akaja mzee mmoja, Bwana Otto, mwanajeshi mstaafu, amekodi gari la mizigo kuleta lenzi moja tu. Mama, lenzi gani ile! Urefu wake kama mtoto wa darasa la kwanza, mdomo wake mpana kama chungu cha kupikia msibani. Zilitengenezwa chache sana, za jeshi, na nyingi zimeshapotea. Kazi yake ilikuwa kuona mbali: waliifunga kwenye kamera juu ya kilima, wakapiga picha za ng'ambo ya mpaka, magari, mizinga, minara, hata askari wa kule akichana nywele zake, na mwenyewe hana habari kama anaonekana.

Mafundi wawili wakaishusha garini wanahema. Lifti mbovu, na karakana iko ghorofa ya pili. Nikawaangalia wanavyohangaika, nikachoka mimi. Nikavua skafu, nikasokota kata, nikawaambia nitwisheni. Si uzito wa debe la maji tu? Nikapanda nayo ngazi, mkono mmoja kiunoni. Msimamizi wetu alipofungua mlango akaniona, akawa mweupe kuliko alivyo, hakuthubutu hata kupumua mpaka nilipoitua. Baadaye alinifokea kweli kweli, eti kitu kama kile hakibebwi kichwani. Bwana Otto yeye alicheka mpaka machozi. Alisema jeshini waliibeba watu wanne na bado waliwahi kuiangusha.

Ndani ilikuwa imeota ukungu, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nilipokuwa naifungua, mzee akakaa kando yangu akasimulia. Ujanani alikaa nyuma ya lenzi hiyo siku nenda siku rudi. Aliagizwa kuhesabu magari ya jeshi la ng'ambo, lakini kulikuwa na mama mmoja kule, kila asubuhi anatoka kulisha kuku. Akamzoea. Alijua aproni zake, alijua hata kuku yupi mkorofi. Wiki moja yule mama hakutoka, na Bwana Otto chakula kikamshinda. "Nilimwona kuliko nilivyomwona mama yangu mwenyewe," akaniambia, "na jina lake sikulijua." Nikamwambia kwetu, kule kwa wajomba Katumba Songwe, mpaka wa nchi ni mto, na watu wanavuka kwenda kuzikana. Akashangaa sana. Akasema basi nyie hamhitaji lenzi.

Nilisafisha kioo kimoja kimoja, kazi ya siku nyingi. Ilipokwisha tukaipandisha juu ya paa kuijaribu. Huku mto ni mpana, unakaribia kuingia baharini, na ng'ambo kwa macho matupu huoni kitu. Nikachungulia. Nikamwona mwanamke anaanika nguo, nikahesabu vifungo vya shati aliloshika. Nikamwomba mwenzangu anipige picha nimesimama na lenzi yangu, nikamtumia Subi akuonyeshe.

Subi akanipigia anacheka hajiwezi. Anasema Mama kaishika simu, kaileta mpaka puani, kasema: "Aisee, chungu kizuri hiki, mdomo umenyooka. Ila mbona wamekilaza? Na nani amekichoma, kimeungua cheusi hivi?" Nikacheka na mimi mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikakatika.

Maana wewe, Mama, si mtu wa kukosea chungu. Siku ya soko pale Lyulilo ulikuwa unajua shehena ya vyungu ni ya nani mtumbwi ukiwa bado mbali majini. Na hicho ulichokiita chungu kina vyuma, kina skrubu, na mimi mwanao nimesimama pembeni na koti jekundu, hukunitaja. Nikakumbuka na ile picha ya Tumpe. Ulimsifu nywele laini, na mtoto alikuwa na kofia ya sufu mpaka masikioni. Nikamwuliza Subi, "Mama anaona?" Akaanza kulia.

Usimgombeze, nilimbana mimi. Akasema yote: kwamba mboga unaitia chumvi mara mbili, kwamba nakshi unazipaka kwa kupapasa na sasa zinapinda, kwamba ulijigonga kwenye nguzo ya jikoni ukasingizia mbuzi. Na kwamba ulimkataza asiniambie, nisije nikahangaika ugenini. Mama jamani! Nilikasirika, sikufichi. Siku mbili nilikasirika, ya tatu nikalia. Mimi nahesabu vifungo vya watu nisiowajua, na mama yangu anaingia gizani sina habari.

Tena nasikia madaktari wa macho walipokuja Kyela walikupima, wakasema ni mtoto wa jicho, wakakupa tarehe ya kurudi, ukakataa katakata. Eti wanaling'oa jicho, wanaliosha kwenye beseni, ndipo wanalirudisha. Nani kakuambia? Shangazi, najua. Mwambie namsalimu.

Sikiliza, Mama, hili nalijua kwa mikono yangu. Jicho lina kioo kidogo ndani, kama lenzi, na chako kimeingia ukungu. Cha lenzi ya Bwana Otto nilikifuta. Cha mtu hakifutiki, kwa hiyo daktari anatia ganzi, anakitoa hicho kidogo tu, anaweka kipya. Jicho linabaki pale pale Mungu alipoliweka. Nilimwuliza daktari wa hapa mara tatu, kama mjinga. Akasema hawezi kuapa kwamba utaona kama msichana, lakini tumaini ni kubwa, na ukikaa tu ukungu utazidi. Bwana Otto alipokuja kuchukua lenzi yake akaniona macho yamevimba, nikamweleza. Akasema, "Mwambie mama yako mimi macho yangu yote mawili yamefanyiwa hivyo hivyo. La kwanza nilitetemeka, na vitani sikutetemeka."

Hata mimi naogopa. Lakini naogopa zaidi kuja nyumbani umjue Tumpe kwa kumpapasa uso.

Nisalimie kaka na nyavu zake, mchungaji, akina mama wa kwaya, na jirani yetu anayekuchomea vyungu siku hizi, mwambie ndaga fijo, namshukuru sana. Subi, wewe ndiye utakayempeleka Mama Kyela tarehe ile aliyopewa na madaktari, na usiku wa kuamkia umlinde asije akatorokea shambani.

Mwezi wa kumi na mbili tunakuja. Siku sikutajii. Utakuwa umekaa na vyungu vyako sokoni Lyulilo, nami nitasimama kule mwisho wa safu, Tumpe mgongoni, nimevaa koti lile lile jekundu kwenye joto lote hilo. Subi asithubutu kuninyooshea kidole. Sitasema shikamoo, sitakohoa. Nitasimama hapo mpaka uniite wewe.

Mimi mwanao,
Atupele