Koki Uliyoifunga Nusu

Baba,

Shawa ya Mama nimeitengeneza, halafu nikairudisha ilivyokuwa. Ngoja nikueleze.

Jumapili nilipanda kutoka Bungoma. Mama alikuwa kanisani. Nikafungua begi lako la spana, mara ya kwanza tangu tukuzike. Maji ya bafuni hapa nyumbani Kibomet yalikuwa yaleyale, membamba kama uzi tu. Unakumbuka ile Krismasi? Nilitoka kuoga na povu masikioni, nikakwambia mbele ya wageni, "Mganga hajigangi! Watu wa Webuye unawawekea maji, kwako yanadondoka." Wakacheka sana. Wewe ukaniambia tu, "Wacha ipite porepore, mama." Sikukuomba msamaha. Nilidhani wakati upo.

Basi nikafungua kichwa cha ile shawa ya umeme, nikatoa mchanga, nikakisugua na mswaki. Wapi! Nikafuata bomba mpaka darini, nikakuta koki imefungwa nusu. Aha, mzee alisahau! Nikaifungua yote. Maji yaliruka, bana, nikashangilia peke yangu. Mama aliporudi nikamwambia aende aoge, aone kazi ya binti yako.

Akapiga nduru. "Uwii! Unataka kuniua na baridi?"

Sisi wa Bungoma kwenye joto tunaoga maji baridi, sikuwa nimefikiria. Hiyo shawa ya umeme haiwezi kupasha maji yakipita mbio. Ndipo akanieleza. Magoti yalipoanza kumsumbua kwa baridi ya huku, ulipanda darini ukaanza kufunga koki kidogo kidogo, yeye akiita kutoka bafuni mpaka maji yakawa moto wa kumtosha. Akakukataza usiseme, hakutaka watu wajue anaumwa. Na wewe ukanyamaza, hata nilipokuaibisha.

Nikarudi darini. Mama akasimama chini ya maji, akaniita vile alivyokuwa akikuita wewe: "Bado. Bado... Hapo!"

Nililia huko juu, Baba, nimeshika koki yako. Nilikukosea. Nisamehe.

Begi lako nimeliacha hapa, nyuma ya mlango. Kila mwisho wa mwezi nitakuja kuangalia maji yake. Na mgeni akicheka kwamba yanatoka kidogo, acha acheke. Sitasema kitu.

Pumzika sasa. Mama yuko bafuni, anaimba.

Binti yako,
Nekesa