Jina la utani la sarafu iliyokufa

Berea, Durban, Ijumaa, mwezi wa saba, 1998. Baridi, manyunyu tangu asubuhi.

Shajara, leo vidole vyangu vimekufa ganzi, na si kwa sababu ya hewa peke yake. Nakuandikia kutoka chumba cha kompyuta cha chuo, saa kumi na moja jioni. Jirani yangu anakula chipsi kwa kujificha na siki inanukia chumba kizima. Sijui kama kuna mtu anayeusoma ukurasa huu wa mtandaoni. Leo naomba asiwepo.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Nilitoka Nairobi kuja kusomea lugha, na utafiti wangu unahusu namna wasemaji wa Kiingereza wanavyoitaja pesa. Mimi si mtu wa uchumi, mimi nasikiliza majina. Vijana wa Durban huiita randi buck. Wazee bado wana bob ya shilingi na quid ya pauni na tickey, majina ya pesa ya zamani iliyoondolewa nchini humu kabla sijazaliwa. Tickey ilikuwa peni tatu, kasarafu kadogo ka fedha. Haipo tena, lakini kibanda cha simu cha mtaani kwetu, watu wazima bado wanakiita tickey-box. Sarafu ilishazikwa, jina linaendelea kula na kulala.

Niligundua jambo moja nikajiona hodari. Hawa watu huipa pesa jina la utani wanapotaka ionekane ndogo. Wakigombana, jina la utani hupotea na jina kamili hutoka, kama mama anayemwita mtoto kwa majina yake yote matatu.

Jambo hilo nililipata kwa Bi Doreen.

Bi Doreen ndiye mwenye nyumba wangu, mjane aliyepita miaka themanini. Jina langu, Mwende, lilimshinda kulitamka siku ya kwanza, akaniita Wendy, nami nikaitika kwa sababu chumba kilikuwa rahisi. Ni chumba cha uani, kilichojengewa mtumishi wa nyumba. Nilipohamia nilikuta kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, mawili kila mguu. Hapa wengi hufanya hivyo ili tokoloshe, kiumbe kifupi kinachosumbua watu, asimfikie aliyelala. Mimi mtu wa kanisa nikacheka. Matofali sikuyatoa.

Mwezi wa tano nilifanya kosa ambalo Mkenya tu angelifanya. Bi Doreen aliniuliza bei ya mkate, na mimi, akili ikiwa nyumbani, nikamjibu, "Three bob." Kwetu hilo ni neno la kila siku, hata mtoto anayetumwa dukani analo. Yeye aliweka kikombe chini. Akanitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa katika chumba kisicho na mtu.

Kuanzia hapo akaanza kurudi nyuma. Kila alasiri, tukiwa na chai, alinitajia bei za ujana wake, nyama kwa shilingi, viatu kwa pauni, nami nikitumbukiza neno bob hapa na pale kumchochea. Ilikuwa kama kumwagia moto mafuta. Nilinunua kaseti tatu za kumrekodi, kisha nyingine tatu, kisha nyingi zaidi. Wiki kadhaa baadaye akaniuliza kama muuza barafu amelipwa. Mtaani hapa hakuna muuza barafu. Kisha akaanza kuniita Agnes.

Agnes ndiye aliyekuwa mtumishi wake. Ndiye aliyelala chumbani mwangu.

Naungama hapa kwa sababu siwezi kuungama kwingine. Nilijua Bi Doreen anapotea. Mara mbili nilikuta gesi imeachwa wazi jikoni. Nilizima gesi, kinasa sauti nikakiacha kinaendelea. Binti yake hupiga simu kila Jumapili kutoka Johannesburg, na kila Jumapili nilimwambia mama hajambo. Nikisema kweli watamhamisha mama, nyumba itauzwa, mimi nitakosa chumba na utafiti utakatika katikati. Kwa hiyo nilinyamaza. Tena nilifanya zaidi ya kunyamaza. Aliponiita Agnes, niliitika. Agnes alikuwa akitajiwa majina ya pesa matamu kuliko Wendy.

Leo asubuhi Mama Furaha alikuja kunisuka. Ni Mkongo, anafanya kazi saluni mjini, tunasali pamoja. Yeye akisuka, mimi nilikuwa nasikiliza kaseti ya wiki tatu zilizopita, daftari mapajani. Bi Doreen alikuwa akimgombeza Agnes kuhusu kitu kilichopotea. Saa nzima alikuwa akisema tickey hivi, tickey vile. Ghafla akasema, pole pole, peni tatu zangu. Nikapiga mstari chini ya maneno hayo kwa furaha. Ushahidi wangu ule pale, jina kamili.

Halafu sauti nyingine ikajibu kwa upole, "Tazama kwenye jagi la bluu, madam."

Mikono ya Mama Furaha ilisimama kichwani kwangu.

"Huyu ni nani anasema?"

Nikamwambia ni mimi.

"Hapana, ma chère. Iko sauti ya mama mzee, na iko ingine. Ile ingine haiko ya kwako. Miye nakujua."

Nilirudisha nyuma, tukasikiliza tena. Nataka kukuambia ilikuwa sauti yangu, Shajara. Sebuleni tulikuwa wawili tu siku ile, mimi na bibi. Lakini sikumbuki kusema maneno hayo, na jagi la bluu sikuwa nimewahi kuliona. Mama Furaha alimaliza kunisuka haraka haraka. Alikataa pesa yake. Alipotoka aliyatazama matofali ya kitanda, akafanya ishara ya msalaba.

Niliogopa. Nilikwenda kwenye chai bila kinasa sauti, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Bi Doreen alikuwa ameketi sebuleni, amejifunika shali, macho yake maangavu kuliko yalivyokuwa kwa wiki nyingi. Akauliza kama ile mashine nimeizima. Nikasema sikuja nayo. "Basi keti, Agnes," akasema. Kwa miezi hii yote Agnes hakuwahi kuambiwa aketi. Niliketi.

Akanieleza bila kulia. Aliacha tickey dirishani, sadaka ya Jumapili. Ikapotea. Akamfukuza Agnes Jumamosi ile ile, na Agnes akaondoka na sanduku lake kichwani, akiwa ametumikia nyumba hii miaka kumi na mmoja. Wiki iliyofuata bibi alitaka jagi la kutilia maua. Akalishusha kabatini, kitu kikalia ndani yake.

"Sikutuma mtu akuite," akasema. "Niliona aibu. Ilikuwa tickey tu."

Mvua ilikuwa ikigonga dirisha lile lile. Nilitaka kumwambia mimi si Agnes, kwamba msamaha anaoutafuta siwezi kumpa, si wangu. Nilikuwa nayapanga maneno hayo. Yeye akainama, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi.

"Lakini mbona hukuniambia nitazame kwenye jagi?"

Mdomo wangu ukafunguka kabla yangu.

"Nilikuambia, madam."

Akatikisa kichwa kukubali, pole pole, kama mtu anayekumbuka vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Uliniambia. Ni mimi sikutazama."

Nilimwondolea kikombe. Jikoni nikafungua kabati la juu. Jagi lipo nyuma ya masufuria, la bluu, na ukingo wake una vumbi. Sikulishusha. Nilikagua gesi mara tatu, nikamwomba jirani akae naye, nikaja hapa kwa miguu chini ya manyunyu bila mwavuli.

Nina kaseti kumi na nane na shahada iliyokaribia kuiva. Nazo nilizipata kwa kumsukuma mgonjwa ndani ya shimo ili nimsikie anavyotaja vitu akiwa chini. Hiyo ndiyo kweli, na imenichukua miezi miwili na mtu aliyekwisha kuondoka ili niione.

Sitaingoja Jumapili. Kesho nitateremka hadi kile kibanda cha simu chenye jina la sarafu iliyokufa, nimpigie binti wa Bi Doreen, nimweleze habari ya gesi, ya muuza barafu, ya kila kitu. Chumba kiende. Ila kabla ya yote nitamtajia jina langu, Mwende, lote, taratibu. Sitamtajia kwa ajili yake. Nataka nisikie ni sauti ya nani itakayolitamka.